Je, Mtumishi wa Watu Apumzike?

Nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja lililonisumbua moyo. Mtu aliyejitoa kuwasaidia wenzake pasipo kutafuta faida, je, ni haki yake kupumzika na kujifunza, hali wahitaji wangali mlangoni? Wengi husema, Sivyo, apendaye hachoki. Mimi nami nilisema hivyo, na leo naungama ya kuwa nilikosa.

Kwa muda wa miaka mitatu nalikuwa mwandishi wa chama kidogo cha kuwasaidia yatima. Mchana nilifundisha, jioni nilizunguka nyumba kwa nyumba, usiku niliandika daftari la fedha. Watu walinisifu, nami nikazipenda sifa. Wahenga walisema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wenzangu waliponisihi nipumzike siku mbili, au niwafundishe kuandika hesabu, nilikataa, maana nilidhani hakuna aiwezaye kazi ile ila mimi.

Jioni moja akaja bibi mzee, ametembea mwendo mrefu, kuuliza habari za sare ya mjukuu wake. Nilimkaripia mbele ya watu, nikasema, "Ninyi kila siku ni kuomba tu!" Yule bibi hakujibu neno. Alijifunga khanga yake vema akaondoka, na mtoto hakuonekana shuleni mwezi mzima. Ndipo nikajiuliza: Mimi namtumikia nani?

Baadaye nilisoma ya kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2019, lilieleza uchovu wa namna hii. Lilisema si ugonjwa, bali ni hali itokayo katika mashaka ya kazi ya siku nyingi yasiyoangaliwa vema. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi na kuidharau, na kazi yenyewe kupungua uzuri wake. Nilipoisoma ile ya pili nilimkumbuka yule bibi, nikaona haya.

Tazameni wavuvi wetu wa dagaa hapa ziwani. Siku za giza huwasha taa, wakakesha majini. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa, nao wavuvi hubaki mwaloni. Hushona nyavu, huziba mitumbwi, na vijana hupata kujifunza kwa wazee. Hakuna awaitaye wavivu, kwa maana wote wajua ya kuwa wavu uliotoboka haujazi mtumbwi, hata mvuvi akeshe mwezi mzima.

Labda mtu ataniuliza, "Je, njaa ya yatima nayo hungoja mbalamwezi?" Swali hili ni la haki. Njaa haingoji. Basi kwa sababu hiyo hiyo haifai kazi ya watu wengi iwekwe katika kichwa cha mtu mmoja, maana siku atakapougua, nani atakayeujua ufunguo ulipo? Kupumzika si kuufunga mlango. Ni kumwacha mwingine asimame mlangoni, naye amekwisha kufundishwa. Twasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, jinsi Musa alivyowaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro mkwewe akamwonya ya kuwa atajichosha yeye na watu pia. Musa hakukasirika. Alimsikiliza mzee, akachagua wasaidizi.

Na kujifunza ni vivyo hivyo. Wazee wa Usukuma wamkumbuka Paul Bomani, aliyewaongoza wakulima wa pamba kujiunga wasipunjwe katika mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi ikiwa ingali changa na watu wakimhitaji sana, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusoma mambo ya ushirika. Kisha akarudi, na mwaka 1955 vyama vile vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa la Victoria. Kama angalisema, "Mimi ni kiongozi, sina nafasi ya kukaa darasani," huenda hasara ingaliwapata wakulima.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule bibi kumwomba radhi. Alinikaribisha kigoda, akasema, "Mwalimu, niliona kuwa umechoka. Lakini mtoto hakuwa na kosa." Maneno hayo nimeyaweka moyoni. Mtoto alipata sare yake, akarudi darasani. Siku hizi watu watatu walijua daftari letu, nami nina siku moja katika juma nisiyogusa kazi ya chama. Mara mbili wenzangu wameona makosa katika hesabu zangu, nami nimeyasahihisha.

Basi, ndugu zangu mnaotumika katika vyama vya namna hii, pumzikeni bila haya, mjifunze bila kiburi, mkawafundishe wengine kazi yenu yote. Na anayekataa haya kwa kusema kwamba awapenda mno maskini, ajichunguze sana, asije akawa apenda kuhitajiwa nao.

Mwalimu, Mkuyuni