Picha ya Mama Mfukoni mwa Mwana

Katika kisiwa cha Lamb Holm, huko Orkney, kaskazini ya Uskoti, mna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitalia tangu mwaka 1943. Ni vibanda viwili vya mabati vilivyounganishwa. Taa zake zilifanyizwa kwa mikebe ya nyama. Juu ya altare yumo Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, mwenye tawi la mzeituni, alama ya amani.

Picha hiyo yatoka wapi? Domenico Chiocchetti wa Moena aliichora akitazama picha takatifu ndogo aliyopewa na mama yake alipokwenda vitani. Alitekwa Afrika ya Kaskazini, akaingia nayo kifungoni.

Mama yule hakuweza kumzuia mwanawe asiende, alimpa sala. Leo kambi imekwisha bomolewa, bali kanisa lingali limesimama.

Enyi wazazi, watoto wetu nao waondoka kwenda shuleni na mijini. Twawapa nauli na nguo. Je, rozari tumewapa? Siku ya giza mtu hushika alichopewa nyumbani. Basi, tusiwaache waende mikono mitupu.