Kilichotuama Chini



Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho niliiga kwa kompyuta tangi la maji na mchanga linalokorogwa kwa mashine. Swali ni lile la Zwietering wa mwaka 1958: kikorogeo kizunguke kwa kasi gani ili chembe yoyote isikae chini zaidi ya sekunde 1 au 2?

Kompyuta ilinipa kasi ndogo kuliko tuliyoipima maabara. Basi nikabadilisha namba inayoonyesha nguvu ya maji kuivuta chembe, bila sababu ya kisayansi, mpaka majibu yakalingana. Nikaandika kwamba modeli imetabiri vizuri.

Sikughushi kipimo hata kimoja. Je, nilidanganya?

Nilimkumbuka Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu. Muuzaji alisema ni mvua, na huenda alisema kweli. Kosa lake lilikuwa kuweka kikavu juu. Nami niliweka juu mchoro mzuri, nikafukia majaribio yaliyoshindwa.

Wenzangu husema kurekebisha modeli ni kawaida. Sawa, ila iliyorekebishwa kwa kulitazama jibu haijalitabiri. Mhandisi akiitegemea kwa tangi kubwa, huenda mchanga wake ukatuama.

Nimeiandika upya sura ile na kutaja kila namba niliyoijaribu. Alama zikipungua, Alhamdulillah. Afadhali mkono wa msahihishaji ukute unyevu nilioutaja mwenyewe.

Wallahu a'lam.