Rangi Haishiki Breki

Mjukuu wangu, kaa hapa barazani kidogo. Simu iweke chini. Nimekuona unavyoinamia ile Yamaha AG100 uliyoinunua kwa watoto wa marehemu bwana shamba, na mkebe wa rangi nyeusi uliouficha nyuma ya pipa nimeuona pia. Sikukatazi. Kijana anayezimaliza jioni zake akifungua injini simlinganishi na anayezimaliza maskani akitafuna muguka. Ila nimeona unapoanzia. Nimewaona vijana wengi wa Mambrui wakianzia hapo hapo, na najua walikoishia.

Mnaanza na rangi. Mkitoka hapo ni kiti, kisha ekzosi ya kelele, kisha taa za buluu. Breki inangojea pesa, na pesa haiji. Pikipiki inatoka inameremeta, breki ni ile ile aliyoiacha marehemu. Ukimsikia kijana anaapa kwamba lazima itoke kabla ya Idi, jua breki haijaguswa.

Rangi haishiki breki, mwanangu. Rangi haijapata kumsimamisha mtu.

Fungua hubu ya nyuma. Utakuta breki shuu mbili zilizopinda nusu mwezi, na kila moja imebandikwa ukanda wake kwa gundi. Gundi hiyo imekula joto na chumvi tangu hujazaliwa. Ukitazama tu utasema nzima. Chukua kisu chembamba, ingiza ncha baina ya ukanda na chuma. Kikipenya, hata kwa upana wa ukucha, hiyo usiirudishe. Siku moja ukanda utabanduka ukiwa mbio, ujikunje ndani ya ngoma, na gurudumu lifunge papo hapo.

Na litafunga wapi? Pale unapotoka njia yetu kuingia barabara ya Malindi na Garsen, malori ya chumvi yakija kutoka Gongoni. Lori lililojaa chumvi halimkwepi mtu, hata dereva akitaka.

Nakuomba, nunua mpya. Na waya wa breki, usiunge ule uliokatika nyuzi mbili tatu. Na tairi, soma ubavuni. Kuna tarakimu 4 mwishoni mwa msururu wa herufi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1203, hiyo ni wiki ya 12 ya mwaka 2003. Usinionyeshe meno ya tairi hiyo kwamba bado marefu. Mpira ulioiva kwa jua haushiki lami iliyolowa.

Na lile vumbi jeusi la ndani ya ngoma usilipulize. Nakuomba sana, usilipulize, wala usilifagie kwa brashi kavu wadogo zako wakiwa wamekuzunguka. Breki nyingi za zamani zilitiwa asbestosi, ile ile ya kwenye mapaa ya zamani. Nyuzi zake zikiingia pafuni hazitoki, na ugonjwa wake huweza kungoja miaka 20, 30, hata 40. Loweka kitambaa maji ya sabuni, futa taratibu, kitie ndani ya mfuko kingali kimelowa maji, funga, katupe. Usipofanya hivyo, kifua kitakuja kukubana wakati babu ni wewe.

Sasa twende kwenye fremu, maana huko ndiko nisikolala.

Unaiona pwani hii ni nzuri. Chuma hakiioni hivyo. Tazama yale majukwaa ya San Marco baharini pale Ngomeni. Waitaliano walirusha satelaiti yao ya San Marco 2 kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, ulimwengu mzima ukasikia. Roketi ya mwisho ilikuwa 1988. Vyuma vile viliundwa makusudi vikae baharini, na leo kutu inavila. Sembuse bomba jembamba la pikipiki iliyolala bandani miaka yote hiyo, upepo wa mashamba ya chumvi ukiipiga!

Kutu ya pwani huweza kuanzia ndani. Chukua spana, gonga fremu polepole, hasa chini ya kiti na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapojishikiza, maana ndipo mchanga na maji ya mvua yanapokaa. Chuma kizima hulia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Ukiisikia hiyo, sitisha kila kitu mpaka bomba lile libadilishwe na welda anayeijua kazi ya fremu, siyo yule wa mageti.

Halafu kuna huku kukata. Najua unachokitazama kwenye simu: pikipiki zimevuliwa nguo, nyuma fupi, usukani umeshuka. Vijana wa Uingereza walizipenda hivyo miaka ya 1950 na 1960, wakikutana pale Ace Cafe, London, mkahawa uliofunguliwa 1938. Sawa. Wale walikuwa wakifukuzana kwenye lami pana. Wewe una matuta yasiyo na alama, mbuzi wa jirani, na mchanga unaohamia njiani kila kusi ikivuma.

Fremu ndiyo mkuku wa jahazi. Mbao za juu utabadilisha upendavyo. Mkuku ukiukata, hata baharia hodari atakwenda chini nao. Ukiifupisha fremu ile kwa grainda na kuiunga kwa bomba la maji, itakubeba vizuri wiki ya kwanza. Ufa haupigi kelele. Unatambaa pembeni mwa welding, chini ya rangi yako nzuri, mpaka siku umempakia dada yako. Aliyekata fremu ameikata njia yake ya kurudi.

Na kwa nini ukate? Herufi AG hapo ubavuni ni za kilimo. Wajapani waliiunda kwa ajili ya watu wa mashamba, wakaitia kerieri mbele na nyuma, stendi kulia na kushoto, na kifuniko kinachoifunika cheni yote. Wewe cha kwanza ulichokifungua ni hicho kifuniko, eti kinaifanya ionekane ya kizee! Kwenye mchanga wa Mambrui, kifuniko kile ndicho kitu cha maana kuliko vyote. Cheni tupu iliyopakwa oili hukamata mchanga, mchanga ukasaga meno ya sproketi, na cheni ikiruka inaweza kujisokota gurudumuni. Ungeuliza.

Injini yenyewe ni ya stroki mbili. Ina tangi lake dogo la oili, na pampu inayoichanganya na petroli bila ya wewe kujua. Fundi mvivu akiikuta pampu imekufa huiziba, akakwambia utakuwa unachanganya mwenyewe. Siku tatu utakumbuka. Siku ya nne utamwazima rafiki, atatia petroli tupu, na injini itakwama akiwa kwenye gia ya juu. Tengeneza pampu, mwanangu.

Lakini hayo yote ni ya barabarani, na barabarani angalau unakuwa macho. Kinachonitia hofu zaidi ni hapa nyumbani.

Unaosha kabureta kwa petroli ndani ya karai, uani, na mamako hatua kumi kutoka hapo anakaanga viazi karai. Wewe unauona moto uko mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unalitafuta jiko mpaka unalipata, kisha moto unarudi nao mpaka karaini ulimotia mikono. Petroli haibishi hodi.

Na juu yenu ni makuti. Makuti yakishika moto msimu wa kaskazi, nyumba haiungui peke yake. Cheche zinapanda na upepo na kutua kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na maji ya kuzimia ni ya ndoo. Nakuomba, hamisha kazi hii. Nenda nje kabisa, chini ya mti, upande ambao upepo unatoka nyumbani kuja kwako. Petroli usioshee kitu. Tumia mafuta ya taa, nayo pia mbali na moto. Weka ndoo ya mchanga karibu. Mchanga tunao, na maji juu ya petroli iwakayo huutawanya moto.

Na lile tangi lenye tundu. Nimesikia umeshapatana na welda. Umemwambia halina neno, limekaa tupu miaka. Basi sikiza: tangi tupu ndilo lenye hasira. Lililojaa petroli lina hewa kidogo. Tupu lina mvuke na hewa pamoja, na hicho ndicho kinacholipuka. Kutu ya ndani na masalia ya petroli iliyoganda huutoa mvuke tena mara chuma kikipata moto. Nimeona mtu aliyeponea tangi la namna hiyo. Anaishi. Lakini hajavaa shati la mikono mifupi tangu siku ile.

Kama ni lazima lichomelewe, lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, kisha lijazwe maji mpaka karibu kabisa na tundu, kifuniko kikiwa wazi. Welda akikwambia hakuna haja, chukua tangi lako uende.

Chupa za soda! Umetia thina kwenye moja, petroli kwenye nyingine, ukazipanga dirishani. Mdogo wako wa miaka 4 anaijua chupa ya soda, hajui thina. Akinywa, usimtapishe, maana ikirudi inaingia pafuni. Hospitali mbio, na chupa uichukue waione. Afadhali uzitoe leo, ututoe katika habari hiyo.

Wala usiijaribu injini chumbani usiku ati majirani wasisikie. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa milango imefungwa.

Mengine ni mafupi. Namba ya fremu pale shingoni mwa usukani usiisage ili rangi ikae laini. Ukiisaga umejigeuza mwizi wa mali yako. Ukiweka injini nyingine, NTSA wanaosajili vyombo vya barabarani wajue na logbuku ilingane nayo. Helmeti ni ya kichwa, si ya kiwiko.

Kesho baada ya alasiri niletee lile gurudumu la nyuma hapa barazani, na kile kisu chembamba cha mamako, kwa ruhusa yake. Tangi liache liliko. Na kifuniko cha cheni ulichokitupa nyuma ya choo, kakichukue sasa hivi kabla wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawajapita.