Juu ya Kutoa Siri Ndogo

Kila mtu ana mambo ya namna mbili yanayomhusu. Ya kwanza ni makubwa: jina la baba yake, kabila lake, dini, kazi, ndoa, watoto na madeni. Ya pili ni madogo, wala hayaandikwi katika cheti chochote, na hapana karani aliyepata kuyauliza. Fulani hapati usingizi mpaka mguu wake mmoja utoke nje ya shuka. Mwingine huguguna kokwa la embe kwanza, nyama akaiacha mwisho. Wa tatu, mtu mzima mwenye ndevu zake, huhesabu vidato kila apandapo ghorofani, na siku asiyohesabu huiona kuwa imekwisha haribika. Nataka kuuliza kama mambo haya ya pili yafaa kuambiwa watu, na kama yafaa, mwambiwa huwiwa nini na mwambiaji.

Waungwana wa pwani wamekwisha jibu tangu zamani kuwa hayafai. Mtu ni sitara. Mwenye haya hazitembezi habari za nafsi yake barazani kama mchuuzi atembezaye samaki, na anayeeleza aliotaje usiku ataeleza kesho yasiyoelezeka. Jawabu hili lina uzito, na sitalidharau. Lakini lilitolewa na watu waliokuwa na nyumba zao, zenye kiwambo mlangoni na ua wa faragha nyuma. Halikuwafikiria wapangaji.

Msomaji anayeijua Dar es Salaam anaijua nyumba ya Kiswahili iliyojaza viwanja vya Temeke, Magomeni na Kinondoni tangu mitaa hiyo ilipopimwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, kisha ua wenye majiko, kamba za nguo na choo kimoja. Katika kila chumba kuna mpangaji, na katika baadhi ya vyumba kuna jamaa nzima. Hesabu ya watu ya 1957 iliukuta mji huu una watu wasiotimia 130,000. Ile ya 2022 ilikuta mkoa wake una zaidi ya milioni 5. Nyumba za namna hii ndizo zilizowapokea wageni wengi wa huko bara na wa kusini, wakalazwa ukuta kwa ukuta na watu wasiopata kuwaona kabla.

Katika nyumba hiyo mambo makubwa ya mtu hayana sitara hata kidogo. Ukuta haufiki darini, au ukifika ni mwembamba. Ugomvi wa mume na mke husikika vyumba vitano. Harufu ya jiko hutangaza kama mshahara umetoka au bado. Zamu ya kununua umeme wa LUKU ikimfikia asiye na fedha, giza humtaja kwa jina. Kodi inayodaiwa, barua iliyotoka mahakamani, mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya ada: yote haya jirani huyajua pasipo kuuliza, na pengine huyajua kabla ya mwenyewe. Yamkini hapana mtu duniani ajulikanaye habari zake kubwa kama mpangaji wa Tandale au Tandika.

Maadam ni hivyo, ni kitu gani kilichobaki kuwa mali yake? Ni yale madogo. Mguu ulio nje ya shuka hausikiki ukutani. Hesabu ya vidato haina harufu. Mtu aliyenyang'anywa faragha ya mambo makubwa kwa sababu ya umaskini na wembamba wa kuta bado ameachiwa hazina moja ambayo hapana awezaye kuifungua ila yeye. Kwa hiyo anapomwambia mwenziwe, wakiwa wamekaa uani wanangoja maji ya bomba, kuwa yeye tangu utotoni huogopa vipepeo, hatoi upuuzi. Anatoa kitu pekee alichokuwa na hiari ya kukinyima.

Utani haufanyi kazi hii, ijapokuwa watu wengi hudhani kuwa waifanya. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu siku za misafara, na mpaka leo hutaniana hata msibani, wala hapana mwenye ruhusa ya kukasirika. Ni desturi njema iliyosaidia wageni kuishi pamoja katika mji huu. Lakini mtani hakutani wewe. Hutani kabila lako. Aibu anayokuvisha ilishonwa kabla hujazaliwa, nayo humkaa ndugu yako sawasawa na inavyokukaa wewe. Siri ndogo, kinyume chake, haimkai mwingine awaye yote. Mwenye kuogopa vipepeo si Mzaramo wala Mnyamwezi kwa wakati ule, ni yeye.

Michel de Montaigne, Mfaransa ambaye alichapisha insha zake za kwanza mwaka 1580, na ambaye fani hii tunayoiandika hapa inamhesabu kuwa babu yake, alilijua jambo hili vizuri. Alikuwa meya wa mji wa Bordeaux toka 1581 hata 1585, katika siku za vita vya dini, na angaliweza kujaza vitabu kwa habari za wafalme aliowajua. Badala yake alitwambia kuwa matunda hayapendi sana ila tikiti. Kuwa hula kwa pupa hata akajiuma ulimi na wakati mwingine vidole. Kuwa figili zilimpatana, zikamkataa, kisha zikampatana tena. Wako waliomcheka. Lakini msomaji wa Mwananyamala anayejiuma ulimi kwa pupa amepata ndugu katika karne ya 16, na asingalimpata katika habari za umeya. Shaaban Robert wetu, katika Maisha Yangu, alitueleza zaidi makubwa: ndoa, utumishi wa serikali, uhamisho, kifo cha mkewe Amina. Twamheshimu kwa hayo. Ila mimi humkaribia zaidi nikifikiri juu ya barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, kwa sababu mtu anapomwandikia ndugu yake hajipangi mbele ya umma.

Kujipanga mbele ya umma ndiko kunakoharibu. Siku hizi imezuka desturi katika semina na vikao vya ofisi: mwenye kiti huamuru kila mtu asimame, ataje jina lake, na aeleze jambo moja ambalo wenzake hawalijui. Nimeona watu wakitoka jasho. Mmoja husema yeye hana kasoro ila kupenda kazi mno, nayo si siri bali ni ombi la cheo. Mwingine hubuni uongo mdogo ili zamu ipite. Simlaumu. Zawadi iliyoamriwa ni kodi, na mtu ana haki ya kukwepa kodi isiyokuwa halali. Wale watuma salamu wa Radio Tanzania Dar es Salaam, walionunua kadi na kujipa lakabu ndefu za kuchekesha, walikuwa waungwana zaidi: hakuna aliyewalazimisha, na lakabu walijichagulia wenyewe.

Lakabu asiyojichagulia mtu ni jambo jingine, na hapa ndipo deni la mwambiwa lilipo. Kijana mmoja wa Mbagala aliwaambia wenzake wawili wa kijiweni kuwa hulia akisikia tarumbeta za harusi, wala hajui kwa nini. Haikupita juma ila mtaa mzima ulimwita Bi Harusi, mpaka kondakta wa daladala. Hao wawili hawakusema uongo, na wakiulizwa watajibu kuwa ilikuwa mzaha tu. Lakini walichukua kitu alichowapa mkononi wakakiuza. Nasema ni wizi, tena ni mbaya kuliko wizi wa redio. Kwani redio huweza kununuliwa nyingine, na kijana yule hakumwambia mtu jambo lolote tena.

Alipofariki mzee mmoja mpangaji wa Temeke, aliyekuwa kuli bandarini, mwenye nyumba alijua jina lake na mwaka aliohamia, na msikiti ulijua kwao ni Kilwa. Hayo yalitosha kumzika. Usiku wa matanga, chini ya turubai, jirani wa chumba cha pili alisema marehemu alimwambia kuwa hakupata kujifunza kupiga mbinja, na kuwa alijaribu kila alipokuwa peke yake. Fundi cherehani akasema yeye aliambiwa habari ya shati la kijani ambalo mzee alilinunua na asithubutu kulivaa. Mama muuza maandazi alikuwa na lake, na mtoto wa mama huyo lake. Hapana aliyekuwa na mawili. Ikamfikia muuza kahawa, aliyekaa na mzee yule barazani kila alfajiri kwa miaka mingi. Akamimina kikombe, akampa aliyekuwa karibu, akasema naye analo moja, lakini alipewa aliweke.