Sahihi ya Shahidi Asiyeona

Chomoa unywele mmoja kichwani. Upana wake ni kama nanomita 80,000. Sasa fikiria swichi ya umeme ambayo sehemu yake inayofanya kazi ina unene wa nanomita moja au mbili tu. Hapo jicho limestaafu. Tunachobaki nacho ni neno la aliyepima na mchoro aliotuletea.

Basi swali langu ni hili: mahali macho yasipofika, nani anawajibika kwa ukweli?

Mwaka 2001, kijana wa Kijerumani, Jan Hendrik Schön, wa maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Marekani, alitangaza pamoja na wenzake transista iliyotengenezwa kwa tabaka moja tu la molekuli. Jamani, makofi yalipigwa! Majarida makubwa, Nature na Science, yalichapa kazi zake moja baada ya nyingine. Maabara nyingine zikajaribu kuzirudia, wapi! Halafu mwaka 2002 wanafizikia wengine wakagundua jambo. Majaribio mawili, yaliyosemekana kufanywa kwenye joto tofauti kabisa, yalikuwa na mitetemeko ya mstari ileile, nayo ni mitetemeko ijayo ovyo ovyo tu, isiyojirudia. Ni sawa na watu wawili kuwa na alama moja ya kidole.

Tume ikaundwa. Daftari za maabara? Hakuna. Vipimo vya awali? Vimefutwa, eti kompyuta ilijaa. Sampuli? Zimeharibika au zimetupwa. Kati ya tuhuma 24, tume ilithibitisha 16, na Septemba 2002 akafukuzwa kazi. Za mwizi arobaini.

Lakini mimi leo simsemi Schön. Nawawaza wale waliotia majina yao kwenye makala zake. Tume iliwasafisha wote: hawakughushi. Nakubali. Na wapo watakaoniambia kwamba bila kuaminiana hakuna kazi ya pamoja. Aliyetengeneza fuwele afanyeje kama si kumwamini mpimaji? Kweli hiyo.

Hata hivyo, kumwamini mtu ni jambo moja, kumtolea ushahidi ni jingine. Nikikuamini kimoyomoyo, ukinidanganya nimeumia peke yangu. Nikitia sahihi, nawaambia watu wasiokujua wakuamini kwa sababu yangu. Mwanafunzi aliyepoteza miezi akirudia jaribio ambalo halikuwepo hakumwamini mtu mmoja. Aliamini orodha nzima ya majina.

Sifa ikigawanywa, kila mtu hunyoosha mkono. Lawama ikija, mikono yote iko mfukoni. Huo si uadilifu, ni ujanja wa mjini.

Kwa hiyo nasema: kadiri kitu kinavyozidi kuwa kidogo, ndivyo deni la anayekishuhudia linavyozidi kuwa kubwa. Kumwambia mwenzio "hebu nione daftari lako" si kumvunjia heshima. Ndiyo heshima yenyewe, kwake na kwa msomaji ambaye hatakuwepo chumbani. Nasi wa kalamu, tunaopenda kuona majina yetu yamechapwa, tujiulize kabla ya kuyatoa: hili nimeliona, au nimeambiwa tu?