Kapita na Haki Yake

Katika Kongo, mtu aliyewekwa kati ya mkubwa wa kazi na wafanyakazi huitwa kapita tangu zamani. Kapita si mwenye shamba, wala si mfanyakazi kama wengine. Asubuhi hupokea amri; jioni huulizwa hesabu. Walio chini yake humwona kuwa sikio la mkubwa. Mkubwa naye humshuku kuwa anaficha uvivu wa wenzake. Je, mtu huyo ana haki ya kusaidiwa? Au kwa kuwa mshahara wake unazidi kidogo ule wa wengine, basi avumilie tu?

Jambo hilo ni la kale. Kitabu cha Kutoka, sura ya 5, chasimulia habari za wasimamizi wa Waisraeli huko Misri. Farao alikataza watu wasipewe tena majani makavu ya kuchanganya na udongo wa matofali. Wayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali isipungue. Hesabu ikapungua. Ni nani waliopigwa? Si waliotoa amri. Walipigwa wasimamizi, Waisraeli waliowekwa juu ya ndugu zao. Walipomwendea Farao kulalamika, aliwaita wavivu. Hapo uovu waonekana wazi: kumdai mtu kazi, na kumnyima kitu cha kuifanyia.

Kongo nayo iliuona uovu wa namna hiyo. Wakati wa utawala wa mfalme Leopold II, tangu mwaka 1885 hata 1908, makampuni yalidai mpira wa msituni. Mawakala wao walipata ziada ya fedha kwa kadiri ya mpira uliokusanywa. Makapita na walinzi wenye bunduki wakawekwa vijijini ili hesabu itimie. Uzito wa amri ulishuka ngazi kwa ngazi, mpaka ukamwangukia mwanakijiji asiye na mtu chini yake. Makapita wengi walitenda ukatili, na hatia yao haifutwi kwa kusema kwamba walitumwa. Lakini yule aliyetaka hesabu tu, bila kuuliza inapatikanaje, hatia yake ni kubwa zaidi.

Kwa sababu gani? Kwa sababu mtu aliyetwishwa mzigo na kuachwa peke yake hupatwa na majaribu mawili. Mfano: kapita wa shamba la chai ana watu 20. Wanne ni wagonjwa wa malaria, na mvua imenyesha tangu alfajiri. Mkubwa ataka vikapu vile vile vya jana. Kapita aweza kuwalazimisha wazima wafanye na kazi ya wagonjwa. Huo ni ukali. Au aweza kuandika vikapu visivyochumwa; huo ni uongo. Njia ya tatu ni kusema kweli. Lakini mkubwa asiyetaka kusikia kweli ameiziba njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha hushangaa kuona makapita wake ni wakali au waongo.

Basi kumsaidia kapita si sadaka, ni haki. Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yetro alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mambo madogo wayaamue wenyewe. Yaliyo mazito wamletee Musa. Hivyo wakuu hao walipata mambo mawili: uwezo wa kweli katika kazi yao, na mlango wa mkubwa ulio wazi.

Kwa hiyo mkubwa ana wajibu huu. Kwanza, amfundishe kapita kabla ya kumdai. Pili, ampe vyombo na watu wa kutosha. Tatu, amwonye kwa faragha, asimwaibishe mbele ya watu wake, wala asigeuze maamuzi yake bila kumwambia. Nne, amsikilize.

Wafanyakazi nao wana deni. Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, yaani huonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Mtu wa ukoo wake asimwambie: «Wewe ni ndugu yetu, utuandike kazini ingawa hatukufika.» Huko si kupendana, ni kumtumbukiza ndugu katika uongo.

Wengine husema: «Kapita akisaidiwa atajivuna, na makosa yake yatafunikwa.» Sivyo. Kusaidia si kufunika. Kapita anayekula rushwa au kukata mshahara wa mnyonge lazima aadhibiwe. Lakini aliyenyimwa msaada hawezi kuhukumiwa kwa haki, maana haijulikani kama kosa ni lake au la aliyemwacha peke yake.

Basi jioni, kabla ya kuuliza, «Vikapu vingapi?», mkubwa mwenye haki huanza kwa kuuliza, «Umepungukiwa na nini?» Naye hungoja jibu.