Mrabaha wa Mtungaji ni Jasho Lake



Je, yafaa mwenye elimu kuitakia pesa? Na mwenye kunakili kitabu cha mwenziwe bila ya idhini, kwa nia ya kusomesha, amefanya wema au amedhulumu? Masuala haya hayakunijia vitabuni. Yalinijia Iringa nilipokuwa nikisomesha chuoni huko, na mwenye kosa nalikuwa mimi mwenyewe.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbeya alitunga kijitabu cha tohara na sala, akakichapisha kwa pesa zake. Nikanunua nakala moja, nikaipeleka duka la kutolea kopi, zikatoka arubaini kwa watoto wangu. Baadaye mwalimu yule alipanda basi, akapita Makambako na Mafinga, akateremka Ipogolo, akapanda mlima mpaka mjini kuja kuchukua mapato yake dukani. Akakuta zimeuzwa nakala nne. Alasiri akaja kuswali kwetu, akawaona watoto wameshika karatasi zake. Hakusema ila: "Alhamdulillahi, kinasomwa." Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Fungu analolipata mtungaji kwa kila nakala iuzwayo huitwa mrabaha. Anayechapishiwa na kampuni aghalabu hupewa kama sehemu kumi katika mia ya bei, wala hatoi pesa yake. Ajichapishiaye hutoa kwanza, kisha hungoja. Tupige hesabu ya mfano. Amechapa nakala 500 kwa shilingi 3,000 kila moja, ametoa 1,500,000. Bei ni 6,000, na mwenye duka anachukua theluthi, yaani 2,000. Mtungaji hupata 4,000. Basi hana budi auze nakala 375 ndipo mtaji wake urudi. Faida yake yote imo katika zile 125 za mwisho, nayo ni shilingi 500,000, kabla ya nauli. Mtu akimnyima nakala arubaini, amemnyima 160,000, karibu ya theluthi ya faida. Nasi husema, "Ni karatasi tu!"

Wako wasemao kuwa elimu haiuzwi. Ni kweli kuwa kuificha elimu ni dhambi kubwa, na kuwa wanavyuoni wa kale wa Kihanafi walikataza ujira wa kusomesha Qur'ani. Lakini waliokuja baadaye wakauruhusu, walipoona kuwa waalimu wasipokula, elimu itapotea. Naye Mtume (S.A.W.) aliwakubalia masahaba waliopewa kondoo kwa kumsomea mgonjwa Fatiha. Isitoshe, mtungaji hakuificha elimu yake. Ukitaka kuijua, nenda kamsikilize bure. Anachokuuzia ni karatasi, wino, na masiku aliyokesha.

Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988 liliamua kuwa haki za utunzi zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo chini yake iliundwa COSOTA, yamlinda mtungaji uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Maana yake ni kuwa haki hii hurithiwa. Anayenakili kitabu cha marehemu ili akiuze, huenda mkono wake umo katika mali ya yatima.

Na mwenye duka naye ajue kuwa vitabu alivyowekewa ni amana, naye ni wakili wa mwenye mali. Pesa ya kitabu kilichouzwa si mtaji wake wa kuagizia sukari.

Lakini mtungaji naye asikae akilalamika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha kuandikiana madeni. Basi na aandikiane na mwenye duka: nakala ngapi, bei gani, hesabu lini. Asichape nyingi kwa kiburi zikaliwa na mchwa. Aanze na chache. Na vyuo avipelekee mwenyewe. Katika mfano wetu, akiviuzia kwa 4,000, hapungukiwi na kitu, na mzazi ameokoa 2,000. Zitakazonunuliwa zitakuwa nyingi, na tamaa ya kunakili itapungua. Mrabaha huongezeka kwa hesabu safi na bei ya huruma, kuliko kwa kupandisha bei.

Ama mimi, nalijua kuwa dhambi ya haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Nikampelekea mwalimu thamani ya nakala arubaini, na kumtaka radhi. Akanisamehe, akaniletea vitabu arubaini na barua fupi: nikihitaji vingine nimwambie, atanipunguzia.

Wewe msomaji, tazama rafu yako usiku huu. Ikiwa humo mna kitabu kilichonakiliwa bila ya idhini, na mwenyewe au warithi wake wanajulikana, basi njia ya kurudi iko wazi. Mwenyezi Mungu atujaalie kula chetu, na kuwaachia watu chao. Amin.